MTOTO MKUBWA NAYE AANDALIWE



Katika kliniki yetu ya watoto tumezoea kumwuliza mama swali moja ambalo huwashangaza wengi. Mama amemleta mtoto mchanga kupimwa na kuchanjwa. Mtoto ananyonya vizuri, na alama za uzito kwenye kadi zinapanda. Sisi tunauliza: “Na yule mkubwa wake yuko wapi?” Jibu la kawaida ni, “Yupo nyumbani, hajambo, siku hizi amekua.” Tunamwomba amlete. Wiki inayofuata anakuja na mtoto wa mwaka mmoja na miezi minane aliyenuna, asiyetaka kucheza, mwenye mashavu ya duara na nywele zilizokuwa nyeusi sasa zinaelekea rangi ya udongo. Ukibonyeza nyayo zake kwa kidole gumba, shimo linabaki. Mama anasema, “Nilidhani amenenepa.”

Huyo hajanenepa. Ana kwashiakoo.

Jina hilo limetoka mbali. Ni neno la Waga wa nchi ya Ghana, na daktari aliyeliingiza katika vitabu vya tiba ni mama mmoja, Dk. Cicely Williams, mzaliwa wa Jamaika, aliyefanya kazi huko katika miaka ya 1930. Aliandika habari za ugonjwa huu mwaka 1933, na mwaka 1935 akautaja kwa jina walilompa akina mama wenyewe. Maana yake ni ugonjwa wa mtoto aliyeondolewa mahali pake mwingine anapozaliwa. Akina mama wale hawakuwa na maabara, lakini waliona sawasawa ugonjwa unakoanzia: mtoto mkubwa ameondolewa kwenye ziwa, kwenye mgongo na kwenye kitanda cha mama, wala hakuna aliyemwandaa.

Tumeandika mara nyingi katika ukurasa huu juu ya mama mjamzito na juu ya mtoto mchanga. Leo tunapenda kuzungumza juu ya huyu wa tatu, ambaye familia humsahau kwa sababu tu ameshajua kutembea.

Ziwa

Tuanze na ziwa, kwa sababu hapo ndipo madhara makubwa yanapoanzia. Huku kwetu, kuanzia Shinyanga hadi Kahama na Geita, mama akijigundua ana mimba wakati bado ananyonyesha, hofu humwingia. Anaambiwa maziwa yameharibika, kwamba mtoto atabemendwa, ataharisha na kudhoofu hata kufa. Basi siku hiyohiyo ziwa linapakwa shubiri au pilipili, na mtoto anayelia usiku kucha anafungwa mgongoni mwa shangazi. Wengine wanampandisha basi kwenda kwa bibi kijijini bila hata kumuaga.

Tuseme wazi: maziwa ya mama mwenye mimba si sumu. Yanaweza kupungua, na kuelekea mwisho wa mimba ladha yake inabadilika, hata watoto wengine huacha wenyewe. Lakini mama mwenye afya, ambaye mimba yake inakwenda vizuri, anaweza kuendelea kunyonyesha huku akila zaidi. Kama anatokwa damu, au amewahi kujifungua kabla ya wakati, au tumbo linakaza mara kwa mara, aje kliniki tushauriane. Kinachomdhoofisha mtoto si maziwa. Ni kuachishwa ghafla na kubakiziwa uji mweupe tu na ugali wa udaga. Mtoto wa kati ya mwaka mmoja na miwili hupata karibu theluthi moja ya nguvu anazohitaji katika maziwa ya mama. Ukiiondoa theluthi hiyo kwa siku moja usiweke kitu mahali pake, mwezi haupiti utaona mabadiliko.

Zamani sisi wauguzi tulifundishwa kwamba kwashiakoo ni upungufu wa protini tu. Sasa inajulikana kwamba mambo ni mengi zaidi: chakula cha aina moja kila siku, kuhara, surua, malaria zinazojirudia, vyote vinaingia. Kwa hiyo anayeachishwa apunguziwe pole pole, kwa wiki kadhaa, kwanza mchana na usiku mwishoni. Kila nyonyesho linaloondolewa, chakula kichukue nafasi yake. Vitu vipo. Karanga zilizotwangwa laini zitiwe kwenye uji. Dagaa wa ziwa waliokaushwa wasagwe na kuchanganywa katika mboga. Choroko na dengu tunalima wenyewe, ila tunauza gunia zima pasipo kubakiza kilo mbili za watoto. Maziwa yachemshwe. Yai ni la mtoto, wala halimfanyi kuwa mwizi kama wazee wengine wanavyodai. Michembe na matobolwa ni vizuri kati ya mlo na mlo, lakini visigeuke kuwa mlo. Mtoto wa umri huo anahitaji kula mara tatu hadi nne kwa siku pamoja na kitu kidogo katikati, na ale kwenye sahani yake mwenyewe. Akitupwa kwenye sinia moja na wakubwa zake wa miaka minane na kumi, atatoka na tonge tatu.

Mhudumu wa afya wa kijijini ana utepe wa kupimia mkono. Ukisoma chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu, mtoto apelekwe kituoni mara moja. Kati ya hapo na 12.5 ni njano, afuatiliwe. Lakini miguu yote miwili ikivimba, usingoje utepe wala mizani, maana uvimbe unaongeza uzito na kutudanganya. Njoo hospitali siku hiyo, wala usipitie kwanza kwa mganga kuuliza nani amemroga.

Dawa iliyo bora kuliko hizo zote ni kupishanisha mimba. Ushauri wa Shirika la Afya Duniani ni kwamba baada ya mtoto kuzaliwa, ipite angalau miaka miwili kabla ya kushika mimba nyingine. Mama anayenyonyesha maziwa yake tu, usiku na mchana, mtoto hajafikisha miezi sita na hedhi haijarudi, anakingwa vizuri sana na ziwa lenyewe. Mojawapo ya masharti hayo likivunjika, kinga hiyo haitegemewi tena, na wazazi wote wawili wazungumze mapema na muuguzi. Tumesema wazazi wote wawili. Baba anayekaa machimboni miezi minne na kurudi nyumbani kwa siku kumi naye ni wa kukaa kwenye benchi la kliniki.

Kitanda na chandarua

Jambo la pili halionekani kwa urahisi, nalo linatuletea watoto wengi wodini. Mtoto mchanga anapokuja, mkubwa anahamishwa. Hadi jana alilala na mama ndani ya chandarua. Leo amelazwa kwenye mkeka chumba cha pili, bila chandarua. Wiki ya tatu ana homa, ya nne tunamwongezea damu. Geita na Shinyanga ni miongoni mwa mikoa ya nchi yetu yenye malaria nyingi, na mtoto wa miaka miwili bado hana kinga ya kutosha mwilini.

Kliniki humpa mama mjamzito chandarua chenye dawa, na mtoto hupewa chake anapokuja kwa chanjo ya surua ya miezi tisa. Basi hesabuni mapema: tutalala wangapi, vyandarua viko vingapi? Chandarua cha mtoto kisifunikie vifaranga wala kisipelekwe ziwani kuvulia dagaa. Tena mtoto ahamishwe kitanda miezi miwili au mitatu kabla ya mama kujifungua, wala si usiku ule mchanga anapoingia. Akihama mapema, anajiona amekua. Akihamishwa siku ileile, anajua aliyemfukuza.

Tuongeze neno kwa familia za wachimbaji wadogo wa Nyarugusu, Rwamgasa, Mgusu na kwingineko. Wapo wanaochomea dhahabu jikoni, kwenye jiko lilelile la uji. Moshi wa zebaki hauonekani wala haunuki, lakini unaingia mapafuni, na kwa mama mjamzito unamfikia mtoto tumboni na kudhuru ubongo unaojengwa. Anayecheza mlangoni naye anauvuta. Kazi hiyo ifanyike mbali na nyumba, kwa vifaa vinavyonasa moshi, na nguo za kazini zisifuliwe pamoja na nepi. Na mama akiwa mzito, hawezi tena kumkimbiza mtoto anayetambaa kuelekea kwenye duara lililoachwa wazi. Baba alizungushie miiba kabla, si baada.

Kumwambia

Watu hutuuliza: mtoto mdogo aambiwe lini, na aambiwe nini? Mtoto wa miaka mitatu au minne aambiwe tumbo linapoonekana wazi, kwa kuwa majirani watamwambia hata kama ninyi mmenyamaza. Ukimwambia mwezi wa pili, atauliza kila asubuhi kama amefika. Miezi haielewi, lakini misimu anaielewa. “Mdogo wako atakuja tukianza kuchuma pamba.” “Atakuja maembe yakiiva.” Hapo ana kitu cha kuangalia kwa macho yake.

Asidanganywe. Desturi ya kusema mtoto amenunuliwa hospitali tunaifahamu, na sisi wenyewe tulilelewa hivyo. Kulikuwa na mvulana mmoja wa miaka minne aliyeletwa wodini kumwona mdogo wake. Alituvuta aproni akauliza bei. Tukamwuliza, bei ya nini? Akasema anataka kujua, kwa kuwa baba alisema hakuna pesa ya viatu. Tulicheka sana siku ile, lakini tukijiuliza vizuri, mtoto yule alikuwa amefanya hesabu yake sawasawa. Ni vema kumwambia ukweli mfupi: mtoto anakua tumboni mwa mama, nawe ulikaa humo humo. Mlete hata kliniki siku moja. Tunapomaliza kusikiliza moyo wa mtoto kwa kile kipembe chetu, tunamruhusu mkubwa aweke sikio. Sijui wangapi husikia kweli, lakini wote hutoka wakisema wamesikia.

Asiahidiwe mwenzi wa kucheza naye. Aambiwe kwamba mchanga analala, analia, ananyonya, na kwamba itapita mvua moja kabla hajaweza kukimbiza kuku pamoja naye. Wala asiahidiwe mvulana au msichana.

Tena aambiwe mama atakwenda wapi. Mama anaposhikwa na uchungu usiku, mtoto huamka asubuhi na kukuta kitanda kitupu. Aliyeondokewa hivyo mara moja hatamruhusu mama kwenda hata kisimani. Wiki chache kabla, aonyeshwe atakayebaki naye: bibi, shangazi au jirani. Alale huko siku moja au mbili akijua atarudi. Kumpeleka kwa bibi ni desturi njema, na mabibi wa Usukuma wamelea vizazi. Ubaya unaingia pale ziwa, mama na nyumba vinapoondoka wiki moja. Kama ni lazima aende kwa bibi, aende akiwa ameshaacha ziwa, aagwe mchana akiwa macho, apelekwe na nguo yake na kadi yake ya kliniki, na bibi aachiwe pesa au chakula. Bibi wa miaka sabini asiye na ng'ombe wa maziwa hawezi kumlea mjukuu kwa upendo peke yake.

Mchanga akiingia nyumbani

Siku ya kurudi kutoka hospitali, mtu mwingine ambebe mchanga hadi ndani, ili mikono ya mama iwe mitupu kwa ajili ya mkubwa. Ni jambo dogo, lakini tumewaona walioliacha. Kama mama amefanyiwa upasuaji, hawezi kumwinua kwa wiki kadhaa. Aambiwe sababu, kisha mama aketi na mtoto aje ubavuni. Bila hivyo anajua tu kwamba mama amekataa kumbeba.

Wageni wanakuja na sabuni na kanga, wote wakiuliza “mgeni yuko wapi?” na kumpita huyu aliyesimama mlangoni. Wakizaliwa mapacha ndiyo zaidi, maana kijiji kizima kinahamia uani. Kulikuwa na msichana ambaye mama yake aliitwa kwa jina lake tangu alipozaliwa. Walipozaliwa mapacha, watu wakaanza kumwita mama yule Mama Kulwa. Mtoto aliacha kula. Ilichukua siku nne mtu kugundua kwamba alidhani amenyang'anywa mama hata kwa jina. Bibi yake ndiye aliyetengeneza, kwa kupiga marufuku uani pake jina lolote isipokuwa lile la zamani.

Msishangae mkubwa akianza tena kukojoa kitandani, kunyonya kidole, kusema kitoto, kudai mgongo. Hiyo si jeuri wala pepo. Ameona kwamba anayelia na kujikojolea ndiye anayebebwa, basi anajaribu njia hiyo. Akichapwa, anathibitishiwa kwamba amefukuzwa. Akipuuzwa kwa upole na kupewa muda wake, mengi huisha katika wiki chache au miezi michache. Muda wenyewe si mwingi: dakika ishirini mchanga akilala, mama akimenya viazi naye, au baba akimpeleka kuangalia ng'ombe. Kama anadhoofu, hali chakula, au amekaa kimya siku nyingi, huyo aletwe tumwone.

Asiachwe peke yake na mchanga, hata awe mpole namna gani. Utosi bado laini, naye anataka kujua kuna nini pale. Tena wakubwa ni wakarimu: tumepokea mchanga wa siku tisa aliyelishwa ugali na dada yake wa miaka mitatu, kwa upendo kabisa. Mkubwa mwenye kikohozi au mafua asimbusu mchanga usoni, anawe mikono kwanza, na chanjo zake ziwe zimekamilika, surua ya pili ya miezi kumi na minane ikiwamo.

Yaya wa miaka saba

Hapa tunaomba radhi kama tutasema kwa ukali. Katika vijiji vyetu, na zaidi katika makambi ya machimbo ambako mama anarudi mapema kuuza chakula au kuponda mawe, msichana wa miaka saba au nane anafungiwa mchanga mgongoni asubuhi na kufunguliwa jioni. Darasa la pili linampita. Kumsaidia mama ni malezi mema: kuleta nepi, kumwimbia mdogo, kumshika akiwa ameketi chini. Kuwa mama badala ya mama ni kitu kingine. Mtoto huyo hajui dalili za homa kali, hana nguvu za kumshika mchanga anayejinyonganyonga, na akimwangusha hasemi, kwa kuogopa kipigo. Tunampokea mchanga siku ya tatu akiwa na degedege, na yule dada amejificha nyuma ya mlango wa wodi. Hatujui tumwonee huruma nani kwanza.

Mchanga asipokuja

Tumesita kuandika sehemu hii, lakini tumefanya kazi ya ukunga miaka mingi na tunajua inawahusu wengi. Kuna mama anayerudi nyumbani mikono mitupu. Watu wazima wanakaa chini, wanaongea kwa sauti ndogo, na mtoto aliyeambiwa “maembe yakiiva” anatazama maembe. Hakuna anayemwambia lolote. Naye, ambaye pengine siku moja alisema kwa hasira kwamba hataki mdogo, anaamini ni yeye aliyesababisha. Tumemsikia msichana wa miaka mitano akimwambia mama yake, “Nilisema utani.”

Aambiwe. Maneno machache yanatosha: mdogo wako aliugua akafa, mama analia kwa sababu hiyo, si wewe wala maneno yako, nasi tupo nawe. Asiambiwe kwamba amelala, asije akaogopa kulala. Kama kuna maziko na anataka kwenda, ashikwe mkono aende. Kama mlikuwa mmeandaa jina, mtajieni.

Swali la msomaji

Mama mmoja wa parokia ya jirani ametuuliza hivi: mtoto wake wa miaka mitatu aliacha ziwa kwa amani mwaka mzima uliopita, lakini tangu mdogo wake azaliwe anataka kunyonya tena. Je, amkatalie?

Kama mchanga ameshashiba, mruhusu aonje. Wengi wanavuta mara moja au mbili, wanakunja uso na kuondoka, kwa sababu wamesahau namna ya kunyonya na ladha si ile waliyoikumbuka. Alichotaka kujua ni kama mlango umefungwa. Maziwa ya siku za kwanza, yale ya manjano mazito, ni ya mchanga kwanza. Baada ya hapo muweke mkubwa upande wa pili wa paja lako wakati mdogo ananyonya, na kikombe chake cha uji wa karanga mkononi, nao wale pamoja.